Mzee Sogea na Tromboni Isiyooshwa

Ndugu, jamaa, majirani na wanabendi, poleni na asanteni kwa kufika. Mimi ni dada mdogo wa marehemu, yule dobi wa pale kona, na baadhi ya mashati ninayoyaona hapa mbele yamepita mikononi mwangu juzi. Watoto wa marehemu wamenipa kazi ya kuandika maisha ya baba yao kwa sababu hakuna aliye hai anayemjua tangu zamani kuliko mimi. Wakaniomba nisizidi nusu ukurasa. Sijui walikuwa wanazungumza na shangazi yupi.

Marehemu aliacha wasia mmoja wa mdomo, na ni lazima muuelewe kabla hatujamteremsha. Alisema bendi yake isipulize juu ya kaburi lake chombo chochote ambacho hakijaoshwa ndani. Najua wapo waliocheka waliposikia. Wapo pia waliokasirika, na mmoja wao ni Kapteni, mkuu wa bendi, aliyepiga bega kwa bega na marehemu tangu ujana wao. Nitaeleza wasia huo ulitoka wapi. Ukinisikiliza mpaka mwisho ukabaki na hasira zako, basi ni haki yako na hatutagombana.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Baba yetu alikuwa mpakiaji wa mizigo, mama alishona magunia. Yeye alikuwa wa kwanza, mimi nilimfuata baada ya miaka sita, na katikati yetu walikuwepo wawili ambao hawakukua. Kwa hiyo alinipenda kwa hofu, kama mtu aliyebeba yai. Mama alipenda kusimulia kwamba siku aliyozaliwa alilia kwa pumzi moja ndefu hata mkunga akafungua dirisha ili jirani naye asikie. Mama alikuwa hodari wa kutia chumvi, lakini hilo nililiamini, maana nilimwona kwa macho yangu akiwa na miaka kumi akizima taa ya chemli kwa kupuliza tu, naye amesimama mlangoni. Alipigwa kwa sababu ya kumaliza viberiti vya nyumba, lakini aliendelea.

Alianza shule ya msingi ya mtaani mwaka 1959 akamaliza 1965. Hesabu alizipenda, imla ilimshinda, na mwalimu wa michezo alimkabidhi filimbi ya kuanzishia mbio kwa sababu ndiye pekee aliyeweza kusikika mpaka ng'ambo ya uwanja. Aliingia sekondari mwaka uliofuata, akaishia kidato cha pili, kwani Novemba 1967 baba alianguka kazini na hakuinuka tena. Hakuna aliyemwambia aache shule. Siku moja alirudi mchana, akatundika sare yake ukutani, akaniambia kuanzia leo wewe ndiye msomi wa nyumba hii. Mimi nami sikufika mbali, lakini hilo si la leo.

Januari 1968 alianza kujifunza ufundi wa mizani sokoni, na kazi hiyo aliifanya mpaka alipostaafu mwaka 2014. Mizani ya kuning'iniza, ya vibao, ya saa, yote aliifungua, akaisafisha, akaipima kwa mawe aliyoyahifadhi katika sanduku lenye kitambaa laini. Wauza nyama walimheshimu na kumwogopa, kwa sababu hakujua kufumba jicho. Akikwambia mizani yako inamwonea mteja, unarekebisha palepale au hakusalimii mwezi mzima. Nyumbani pia hakupumzika. Wifi yangu akileta sukari kutoka dukani, yeye huyo anaipima upya, na wifi anamwuliza kama amemwoa yeye au amemwajiri.

Lakini mizani ilikuwa kazi yake tu. Maisha yake yalikuwa tromboni.

Kwa wasioijua, tromboni ni lile tarumbeta refu lenye mkono wa kusukuma mbele na kuvuta nyuma. Aliingia bendi mwaka uleule wa 1968, bendi hii hii iliyosimama hapa, ambayo imepiga katika harusi, maandamano na mazishi ya mji huu kwa vizazi vitatu. Mkono wa tromboni unahitaji nafasi, na bendi yetu haijawahi kupewa nafasi ya kutosha mahali popote. Kwa hiyo kabla ya kila wimbo kaka yangu alimgusa aliye mbele yake begani na kumwambia, "Sogea kidogo." Aliyekawia alikiona cha moto kisogoni. Ndipo jina la Sogea likamganda, na nina hakika nusu yenu hapa hamjawahi kulijua jina lake lingine.

Jina hilo ndilo lililomwoza pia. Mwaka 1977 bendi ilikuwa ikipiga harusini, na binti mmoja alikuwa amesimama mbele kabisa, hasogei. Akamwambia, dada, sogea kidogo. Yule binti akageuka, akamtazama yeye na tromboni yake toka juu hadi chini, akamjibu, "Sogea wewe." Kaka alisogea. Walifunga ndoa tarehe 2 Desemba 1978, na kwa karibu miaka arobaini na tano aliyesogea alikuwa yeye. Walijaliwa watoto watatu, wa kiume wawili na wa kike mmoja. Wifi, najua unatabasamu nyuma ya hiyo leso. Tabasamu tu, mwenyewe angependa.

Sasa nifike kwenye lile gumu.

Tromboni aliyopiga haikuwa yake tangu mwanzo. Ilikuwa ya mzee aliyemfundisha, ambaye bendi nzima ilimwita Mwalimu, na Mwalimu aliipata kwa mzee aliyemtangulia. Mwalimu alipofariki, tarehe 20 Mei 1984, mjane wake alimletea kaka yangu ile tromboni ikiwa imefungwa kwenye shuka. Nakumbuka alivyoipokea. Alinawa mikono kwanza.

Pamoja na tromboni alirithi masharti yake. Bendi ilikuwa na miiko yake, na mkubwa kuliko yote ulikuwa huu: chombo hakioshwi ndani. Walisema sauti ya waliotangulia imekaa humo, na ukipitisha maji umeitoa. Nje kiling'arishwa kwa ndimu na majivu mpaka unahesabu meno yako. Ndani hapakuguswa. Tena kabla ya shughuli kubwa walikinywesha, yaani walimimina kijiko cha maji ya sukari mdomoni mwa chombo ili koo lake lilainike. Wazee wetu walishasema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Afadhali kungekuwa na kipande cha mti.

Na mwiko wa pili ulihusu pumzi. Mwalimu aliwafundisha kwamba mpigaji hasa habandui mdomo. Akiishiwa hewa, anavuta palepale, midomo ikiwa bado imebana chombo, ili wimbo usikatike. Wengi walishindwa. Kaka yangu, na mapafu yale aliyozaliwa nayo, aliweza kuliko wote, na watu walikuja kumtazama kwa ajili ya hilo tu.

Mazoezi yalikuwa kila Jumamosi katika chumba kimoja nyuma ya ghala la magunia. Dirisha lake lilipigiliwa misumari ili majirani wasilalamike kelele. Paa lilivuja, ukuta wa nyuma ulikuwa na madoa meusi kutoka sakafuni mpaka kiunoni, na ukiingia ulipokewa na harufu ya nguo iliyosahauliwa ndani ya maji. Mimi dobi naijua harufu hiyo. Wao waliiita harufu ya muziki.

Nilimwambia kaka mara nyingi aniletee ile tromboni niioshe. Msije mkanipa sifa isiyo yangu. Sikujua lolote kuhusu maradhi. Nilitaka kuiosha kwa sababu ilikuwa inanuka, na mimi sivumilii kitu kinachonuka. Alinijibu kwamba kila kitu duniani mimi nakiona ni shati.

Alianza kukohoa kwenye miaka ya tisini mwishoni. Hatukushtuka, kwa sababu bendi nzima ilikohoa. Walikuwa na jina lake, kikohozi cha bendi, na kijana aliyeanza kukohoa aliambiwa sasa umekuwa mpigaji. Mwalimu alikuwa amekufa akikohoa. Aliyemtangulia Mwalimu vilevile. Watu walisema kwa heshima kwamba kazi imewala kifua, kama vile askari aliyekufa vitani.

Kisha zikaja homa. Mchana anapiga vizuri, jioni anatetemeka, kifua kimembana, jasho linamtoka, kesho yake amelala siku nzima. Jumatatu yuko sokoni na mizani yake, mzima wa afya. Wifi alisema hajawahi kuona malaria inayojua kalenda. Tulicheka sana kwa hilo, tukamwambia anakwepa kazi za nyumbani za Jumapili. Kwa miaka mingi ilikuwa ni kichekesho cha familia yetu.

Kufika mwaka 2015 kicheko kilikwisha. Alikuwa amekonda, kola ya shati inazunguka shingoni, na ngazi tatu za nyumba yake alizipanda kwa vituo. Picha ya kifua ilionyesha vivuli. Makohozi yalipopimwa hayakuonyesha kifua kikuu, lakini kwa hali aliyokuwa nayo madaktari waliona heri waanze dawa za kifua kikuu kuliko kusubiri, na akanywa kwa miezi sita. Aliambiwa pia apumzike, asipulize chochote. Akapata nafuu nzuri. Akanenepa. Tukashukuru dawa. Siku alipomaliza dozi, bendi ilikuja uani kusherehekea, naye akaishusha tromboni akapiga mpaka jua linazama. Siku ya pili yake tulimbeba.

Ikawa hivyo, akiugua anaacha kupiga, akiacha anapona, akipona anasherehekea kwa kupiga. Sisi sote tuliitazama hiyo duara na hakuna aliyeiona.

Aliyeiona ni daktari mmoja, mwanamke mwenye sauti ya chini, katika wodi aliyolazwa Juni 2017. Alikuwa amemwuliza kila kitu. Kama anafuga njiwa au kuku. Kama ukuta wa chumba chake una unyevu. Kama analalia godoro kuukuu, kama anashika nafaka au nyasi zilizovunda, na hiyo kazi ya mizani ina vumbi gani. Kaka alijibu yote kwa ukweli. Tromboni hakuitaja kwa sababu hakuulizwa, na kwake haikuwa kazi wala mazingira. Ni kama kumwuliza mtu una ugonjwa gani akutajie mke wake.

Siku ya kuruhusiwa, aliomba awashukuru wauguzi kwa wimbo mmoja. Kapteni alimletea tromboni. Alipiga saa sita mchana kwenye ua wa hospitali, wagonjwa wakatoka na mashuka yao mabegani, hata wapishi waliacha masufuria. Usafiri wa kurudi ulikuwa umechelewa, kwa hiyo tukakaa tukisubiri gari la mtoto wake. Jioni lilipofika, kaka alikuwa amerudishwa kitandani, anatetemeka, midomo imekuwa ya bluu. Daktari alisimama miguuni pake. Alikuwa amemwona mchana akiwa mzima, amemwona jioni mahututi, na kati ya nyakati hizo mbili palikuwa na kitu kimoja.

Akaniomba tromboni. Alifunga pamba kwenye waya, akaipitisha ndani ya bomba, akaivuta. Ilitoka nyeusi na kijani, ina utelezi, na harufu yake ikajaza chumba. Harufu ya muziki. Ilipelekwa maabara, na yaliyoota humo yalikuwa kuvu, zaidi ya aina moja.

Alitueleza taratibu, nami aliniruhusu niwaeleze ninyi. Kuvu hutoa vijimbegu vidogo kuliko vumbi, huwezi kuviona. Kila mtu huvivuta kidogo na wengi haviwadhuru. Lakini ukivivuta kwa wingi, mwaka baada ya mwaka, kuna watu ambao miili yao hukasirika. Mapafu hupigana navyo, na vita hiyo huyajeruhi mapafu yenyewe. Ukiwahi kuondoka penye kuvu, unapona. Ukichelewa, kidonda kinakuwa kovu, na pafu lenye kovu halivutiki tena. Na kaka yangu hakuwa akikaa karibu na kuvu tu. Kwa ule ustadi wa kutobandua mdomo, alikuwa akiinywa hewa yake moja kwa moja kutoka ndani ya bomba, baada ya kuilisha kuvu hiyo sukari.

Kaka alisikiliza yote. Kisha akasema, "Daktari, ule siyo uchafu. Ile ni pumzi ya mwalimu wangu."

Daktari akamwuliza, "Mwalimu wako alikufa kwa nini?"

Tumelelewa tukiambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kaka yangu alilisikia la mkuu, akalishika, akalipenda, na likamvunja kifua. Nilimwona pale kitandani akilitambua hilo. Nilikuwa na hasira na Mwalimu aliyekwishalala kaburini, halafu nikakumbuka kwamba naye alipewa tromboni ileile na mtu aliyempenda.

Daktari alimpa mambo mawili achague. Aioshe, na baadaye waone kama kifua kinaruhusu kupiga kidogo, au asiiguse kabisa. Tulijua atachagua kuosha. Alichagua kutoigusa. Aliitundika ukutani sebuleni kama ilivyo, na kwa miaka miwili hakuipuliza wala hakukubali mtu aisogelee na kitambaa. Homa ziliacha. Kikohozi kilipungua. Makovu yalibaki palepale, kama alivyoambiwa. Wifi alisema ameolewa na mtu mmoja akaletewa mwingine, anayekaa kimya akitazama ukuta.

Binti yao ana mtoto wa kike tunayemwita Chiriku, kwa sababu hanyamazi. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mchana mmoja wa Agosti 2019, nyumba ikiwa tupu kwa muda mfupi, Chiriku alipanda juu ya kiti, akaitungua tromboni, akaenda nayo uani. Kaka alikuwa barazani kwa jirani. Aliisikia. Jirani anasema alisimama kabla hajajua kwamba amesimama. Mtu aliyekuwa akipumzika kila nguzo alikimbia mpaka uani, akafika hana pumzi ya kusema hata neno moja, akabaki amenyoosha mkono tu akimwashiria mtoto aiweke chini. Mtoto alidhani amekosa adabu, akalia. Kwa kweli alikuwa amepiga sauti mbili nzuri sana, za chini, na amezipiga bila kubandua mdomo. Amewahi kumwona babu akifanya hivyo.

Jioni ile Chiriku alikohoa. Huenda lilikuwa vumbi, huenda mafua tu, watoto hukohoa. Kaka alikaa karibu na kitanda chake mpaka alipolala.

Asubuhi nilikuwa naloweka mashuka, nikamwona anakuja polepole, anasimama, anakuja. Amebeba kitu kwenye shuka. Alikiweka juu ya meza yangu ya kupigia pasi, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanipa mgongo.

"Ioshe," akasema. "Yule mtoto ataipiga tu, hata nikiificha. Na mimi sitaki arithi kifua changu."

Niliosha. Maji ya vuguvugu, sabuni, brashi ndefu ya chupa niliyoifunga kwenye waya. Yaliyotoka sitayaeleza mbele ya watu waliovaa vizuri. Nilibadilisha maji mara nyingi, na kila nilipomwaga alikuwa akiuliza bila kugeuka kama bado. Nilimwambia bado. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, nami nikajifanya naangalia kamba za nguo. Maji yalipotoka meupe, niliikausha kwa kitambaa, nikaiacha penye hewa, na Chiriku akaitwa.

Alipuliza. Ndugu zangu, mimi si mtu wa muziki, lakini kuku walisimama. Kaka alifumba macho akasikiliza mpaka mtoto alipochoka. Nilikuwa naogopa atasema sauti ya Mwalimu imeondoka. Alifumbua macho, akasema, "Kumbe tulikuwa tunampiga Mwalimu akiwa amezibwa pua." Akacheka mpaka akakohoa, na sisi tukacheka na kulia palepale kati ya mashuka yaliyolowa.

Kuanzia siku hiyo alipata shule yake ya mwanafunzi mmoja. Hakuweza tena kupiga, maji yakimwagika hayazoleki. Alifundisha akiwa kitini kwa kunyoosha mkono na kuurudisha, na somo la kwanza lilikuwa kinyume cha alilofundishwa. Bandua mdomo. Pumua. Rudi. Nililisikia hilo kila jioni kupitia ukuta wangu hata likaniingia kwenye kupiga pasi. Chiriku alitakiwa kuiosha kila baada ya kuipiga, na babu alikagua kwa pamba kwa umakini uleule aliokuwa akipimia mizani ya wauza nyama. Pia aliling'oa misumari lile dirisha la chumba cha mazoezi, yaani aliwaagiza vijana waing'oe huku yeye amekaa kwenye kiti anawafokea. Ukuta ukakwanguliwa ukiwa umeloweshwa, watu wamejifunga vitambaa puani, na paa likazibwa.

Lakini vyombo vyao wanabendi hawakuosha. Walimwambia pole, wakamwambia hiyo ni bahati mbaya yako. Kapteni alimwambia usoni kwamba ameogopa kufa akawasaliti waliomfundisha. Marafiki wa nusu karne, wakaacha kutembeleana. Hilo lilimuuma kuliko kifua, na nalisema hapa kwa sababu aliniambia yeye mwenyewe.

Mwaka wake wa mwisho aliishi na mashine ya oksijeni iliyonguruma kando ya kitanda kama friji kuukuu. Alhamisi tarehe 9 Novemba 2023, mchana, hali ilibadilika. Tuliitana, tukajaa chumbani, wanawe, wakwe, mimi, kila mtu anamwinamia. Alifungua macho akatutazama mmoja mmoja, akainua mkono kidogo akatuambia, "Sogeeni kidogo." Tukasogea. Wifi akafungua dirisha. Hewa ikaingia, akaivuta alivyoweza, na muda mfupi baada ya saa kumi alikata roho. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Baada ya hapo nilipeleka wasia wake kwa bendi. Juzi walianza kuja kwangu. Wanaume wazima wenye mvi, wamejipanga uani na ndoo na brashi, kila mmoja anamficha mwenzake maji yake ya kwanza. Mpiga ngoma alikuja kuwatazama tu na kuwacheka, nikampa mashuka ayasuuze.

Katika karatasi mliyonayo imechapishwa kwamba Kapteni hatapiga leo. Futeni hiyo sentensi. Leo asubuhi, kabla sijafungua geti, nilimkuta amesimama nje na tarumbeta lake kubwa mgongoni. Hakunisalimu. Aliniambia nisiseme neno, na kwa mara ya kwanza maishani sikusema. Tulifanya kazi mpaka maji yakawa meupe. Kisha akauliza kama rafiki yake aliwahi kusema kwamba yeye angekuja. Nikamwambia hapana, lakini alikuwekea nafasi. Ni ile pale kushoto, Kapteni, pembeni ya tromboni. Wenzako wameiacha wazi.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja msemaji, bendi moja yenye vyombo safi, na mizani ya soko zima ambayo mpaka leo haimwonei mtu. Kama nyumbani kwako kuna ukuta unaota weusi, gunia linalonuka, godoro lililolowa au chombo unachokiogopa kwa sababu ni cha mzee wako, na kifua kikianza kukusumbua, msikilize daktari mapema. Huko ndiko kumkumbuka. Kaka yangu, lala salama, umepumua vya kutosha kwa ajili yetu.

Sasa nampisha mjukuu wake apige. Chiriku, njoo. Ameniomba niwaambie kitu. Nini, wewe? Sema mwenyewe, leo una ruhusa.

Anasema sogeeni kidogo.